Kutengeneza Saketi ya Toni kwenye Amplifaya ya Gita ya Valvu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nayapata kila wiki, mengine yanarudi kwa maneno yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya sehemu moja. Nimeanza na ya msingi, ukishuka chini utakuta ya wale ambao amp yao tayari iko wazi mezani. Kama wewe ni wa hao wa mezani, soma kwanza swali la 14 kabla hujagusa kitu.

## Mambo ya msingi

1. Saketi ya toni inafanya nini hasa? Nikiongeza besi, si inaongeza besi?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Saketi ya toni ya kawaida kwenye amp ya valvu ni rezista, kapasita na poti (rezista inayobadilika, ile unayoizungusha kwa kitufe) tu, hamna valvu ndani yake, na kitu kisicho na umeme wake hakiwezi kuongeza chochote. Kinachofanyika ni kwamba inapunguza kila kitu, alafu poti unayoiita besi inapunguza besi kidogo zaidi au kidogo pungufu. Ukizungusha besi mpaka 10 unakuwa umeacha kuizuia, basi.

Kwa hiyo unapodizaini jiulize ni kipi unakiachia kipite na kipi unakizuia. Na tangu niwe na mtazamo huo nimeona jambo moja kila amp ninayofungua: mtu analalamikia trebo, au analalamikia besi, lakini shida iko katikati. Gita linaishi katikati. Waya mnene wa chini kabisa ni kama 82 Hz, waya mwembamba ukiupiga wazi ni kama 330 Hz, na spika ya inchi 12 ya gita ikipita 5,000 Hz hivi inaanza kuchoka. Kinachokufanya usikike juu ya ngoma na kinanda kiko kati ya hapo, na ndo hapohapo saketi hizi zinachimba shimo.

2. Kwa nini nikiweka poti zote 5 sauti haiwi ya kawaida, bila kuongezwa wala kupunguzwa?

Kwa sababu kwenye saketi hizi 5 siyo katikati ya kitu chochote, ni namba tu iliyochorwa. Saketi ya aina ya Fender ukiweka zote 5 ina bonde kubwa karibu na 400 Hz, na pale kwenye bonde sinyali imepungua mara kumi au zaidi. Ukitaka inyooke kadri inavyowezekana weka besi 0, trebo 0, midi (sauti za katikati) 10. Jaribu leo usikie, itaonekana nzito na butu, alafu utashangaa kuona jinsi masikio yako yalivyozoea lile bonde.

Bonde siyo kosa la dizaini. Pickup za gita na spika zina kilima chao kule juu, bonde linasaidia kuleta ule usafi watu wanaoupenda. Ila lazima ujue lipo.

3. Rezista ya slopu ni ipi, na vile vipande vingine kila kimoja kazi yake nini?

Chukua mchoro wowote wa Fender wa miaka ya 60. Sinyali ikitoka kwenye anodi ya valvu ya kwanza (mguu wenye volti kubwa, unaotolea sinyali) inagawanyika njia mbili. Njia ya kwanza inapita kapasita ndogo sana, 250 pF, inaenda juu ya poti ya trebo, hiyo inapitisha sauti za juu tu. Njia ya pili inapita rezista ya 100k (yaani omu 100,000), hiyo ndo rezista ya slopu, alafu inakutana na kapasita mbili: ya besi 0.1 µF inayoenda juu ya poti ya besi, na ya midi 0.047 µF inayoenda pale poti ya besi inapokutana na midi. Chini kabisa kuna poti ya midi ya 10k, au rezista ya 6.8k kama amp haina kitufe cha midi, alafu ethi. Sauti inatolewa kwenye mguu wa kati wa poti ya trebo.

Ukiielewa hii moja umezielewa nyingi sana, kwa sababu Marshall na Vox ni mchoro huuhuu na thamani tofauti (swali la 6).

4. Kwa nini poti zinaingiliana? Nikipandisha trebo mpaka mwisho, midi inakuwa kama imekufa.

Kwa sababu zimepangwa kama ngazi, moja juu ya nyingine. Trebo ikiwa 10 mguu wa kati unachukua karibu kila kitu kutoka upande wa ile kapasita ndogo, besi na midi zinabaki chini hazifiki vizuri. Rudisha trebo 5 au 6 utaona midi imefufuka. Hii inawasaidia hata wasiojua kushika pasi ya risasi.

## Kuchagua thamani

5. Nataka kubadilisha sauti ya amp yangu, nianze na kipande gani?

Rezista ya slopu. Watu wanakimbilia kapasita ya trebo kwa sababu wameona video, lakini rezista moja ya bei ya pipi inabadilisha tabia nzima ya amp. Ukiishusha kutoka 100k kwenda 56k unaachia besi na midi nyingi zipite, bonde linakuwa fupi na linahamia juu kidogo, na sauti yote inapanda. Ukienda 33k inakuwa ya mbele zaidi, gita linasogea karibu na uso wako. Ukipanda juu ya 100k bonde linazidi kuchimbika.

Kuna amp moja ililetwa kwangu, mwenyewe anapiga solo kwenye bendi ya dansi, analia kwamba akiwa nyumbani sauti ni tamu mno lakini wakianza wote yeye hasikiki, na akiongeza volumu anaambiwa anaumiza masikio. Alikuwa ameshabadilisha spika. Nilitoa 100k nikaweka 56k, sikugusa kingine. Akapiga ile mistari ya juu ya shingo, nota fupifupi, na zile nota zikawa na mwili, siyo ncha tu. Aliondoka na volumu ya chini kuliko aliyokuja nayo.

Baada ya slopu, ndo uguse kapasita ya midi (0.047 kwenda 0.022 µF inahamisha bonde juu na kuacha sauti za chini ya katikati zipite), alafu kapasita ya trebo. Badilisha kimoja kimoja, upige dakika kumi, uandike.

6. Tofauti ya Fender, Marshall na Vox ni nini kwenye toni?

Fender za miaka ya 60, kama Twin Reverb: slopu 100k, trebo 250 pF, besi 0.1 µF, midi 0.047 µF, poti 250k mbili na 10k. Bonde refu, besi pana, trebo ya kengele.

Bassman, nayo ni ya Fender, ya mwisho wa miaka ya 50, ile ya mchoro wa 5F6-A: slopu 56k, trebo 250 pF, kapasita za besi na midi zote 0.02 µF, poti ya trebo 250k, besi 1M, midi 25k. Marshall walipotengeneza JTM45 London mwanzoni mwa miaka ya 60 waliufuata mchoro huu karibu wote, kwa hiyo anayekwambia Marshall na Fender ni maadui mwambie ni ndugu wa damu. Baadaye Marshall wakashusha slopu mpaka 33k na kupandisha kapasita ya trebo mpaka 470 au 500 pF, na hapo ndo ule mngurumo wa katikati ulipopata nguvu.

Vox AC30 yenye Top Boost: slopu 100k, kapasita ya trebo 50 pF tu, poti mbili za 1M, kapasita mbili za 0.022 µF, na rezista ya 10k badala ya midi. Ile 50 pF ndo inaleta mng'aro wa juu kabisa kama vijiko vinagongana.

Pia kuna amp hazina mambo mengi. Champ ya 5F1 haina toni kabisa, ina volumu tu, na Deluxe ya 5E3 ina kitufe kimoja cha toni. Zote mbili zinapendwa mpaka leo, na mimi naamini sababu mojawapo ni kwamba hakuna kilichochimbwa katikati.

7. Hesabu yake ikoje? Sitaki kubahatisha.

Fomula moja inakutosha kuanza: frikwensi ni moja gawanya kwa mbili pai mara R mara C. Mfano kapasita ya 250 pF na poti ya 250k inatoa karibu 2,550 Hz, kwa hiyo unajua njia ya trebo inaanza kufunguka maeneo hayo. Slopu ya 56k na 0.022 µF inatoa karibu 130 Hz, ya 33k na hiyohiyo inatoa karibu 220 Hz, unaona mwenyewe jinsi njia ya chini inavyopanda kuelekea katikati ukishusha slopu.

Lakini hizo ni dira tu, kwa sababu vipande vyote vinavutana (swali la 4). Picha kamili ichore kwenye kompyuta, kuna programu ya bure ya Duncan inaitwa Tone Stack Calculator, unaweka thamani unaona mstari unapinda. Usiache kuweka kule thamani ya kinachoisukuma saketi, yaani upinzani wa valvu iliyo nyuma yake, wengi wanaacha namba iliyopo alafu wanashangaa mezani sauti haifanani na picha.

8. James na Baxandall ni nini, na ni bora?

Ni familia nyingine, besi na trebo kila moja ina njia yake hazivutani sana, na unaweza kupata sauti iliyonyooka poti zikiwa katikati. Ya James haina valvu ndani. Ya Peter Baxandall, aliyoitoa kwenye jarida la Wireless World mwaka 1952, inatumia hatua ya kukuza sauti na fidibeki (sehemu ya sauti inayotoka inarudishwa nyuma), kwa hiyo hiyo inaongeza kweli. Ampeg na Orange wametumia ya aina ya James na sauti zao zinajulikana.

Kwa gita la besi na kinanda naipenda. Kwa gita la solo inategemea unataka bonde au hutaki. Ila kumbuka ile ya James ukiinunulia poti za B (linea, zinabadilika sawasawa) badala ya A (logi, zinabadilika taratibu mwanzoni) kile kinyoofu cha katikati hukipati (A na B tena kwenye swali la 13).

## Inakaa wapi na nani anaisukuma

9. Lazima niweke kathodi foloa (valvu inayotolea sinyali kwenye kathodi badala ya anodi) kabla ya saketi ya toni kama Marshall?

Siyo lazima, Fender wa miaka ya 60 wanaisukuma moja kwa moja kutoka anodi. Ila jua gharama yake. Valvu ya 12AX7 yenye rezista ya anodi 100k na kathodi iliyowekewa kapasita ina upinzani wa kutoka kama 38k. Ukiitoa ile kapasita ya kathodi inapanda mpaka kama 68k. Sasa saketi yenye slopu ya 33k ukiifunga hapo unaikaba valvu, geini inaanguka na thamani zote ulizochora zinahama. Kathodi foloa inatoa kama omu 600 tu, haijali unaifungia nini.

Kanuni ninayoitumia: slopu 100k, sukuma na anodi bila wasiwasi. 56k inawezekana, utapoteza kidogo, na mara nyingi ni kupoteza kuzuri. 33k weka foloa.

Na piga hesabu ya hasara: gita likitoa 0.1 V, valvu ikikuza mara 50 unapata 5 V, toni ikila mara kumi umebaki na 0.5 V. Lazima mbele yake kuwe na valvu nyingine ya kurudisha.

10. Toni ikae kabla ya distoshen au baada?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Toni ikiwa kabla, unachagua kipi kitavunjika. Toni ikiwa baada, unachonga kilichokwishavunjika. Besi nyingi ikiingia kwenye valvu inayovunjika sauti inakuwa uji, haishikiki, na hakuna kitufe cha baadaye kinachoweza kuutenganisha ule uji. Kwa hiyo kata besi mapema, irudishe mwishoni. Amp za Mesa Boogie za mfululizo wa Mark wanaweka toni mapema, alafu ikwalaiza ya mikanda mitano baadaye, na ndo maana wenyewe wanaweka besi ya mwanzo chini kabisa, wanaipandisha kule mwisho.

Kukata besi mapema siyo lazima kwa poti. Kapasita ya kuunganisha hatua ikiwa 0.022 µF na rezista ya gridi (mguu wa valvu unaopokea sinyali) ikiwa 1M inakata chini ya 7 Hz, yaani haikati kitu. Weka 0.0022 inakata kuanzia kama 72 Hz. Marshall walifanya kwenye kathodi: 2.7k na 0.68 µF, inapandisha sauti kuanzia katikati kwenda juu na kuiacha besi chini.

11. Prezensi na "cut" ya Vox ni toni pia?

Ni toni lakini mahali pengine, kule kwenye hatua ya nguvu. Prezensi inazuia sauti za juu zisirudi kwenye fidibeki, kwa hiyo hatua ya nguvu inazikuza zaidi. Kwenye Bassman ni poti ya 5k na 0.1 µF. Amp isiyo na fidibeki haiwezi kuwa na prezensi ya namna hii, na AC30 haina fidibeki, ndo maana wao wameweka "cut": poti ya 250k na kapasita ya 4.7 nF kati ya matokeo mawili ya kigawa fezi (valvu inayoigawa sinyali mara mbili kwa ajili ya valvu za nguvu). Hiyo ukiiongeza trebo inapungua, usidhani imefungwa kinyume.

## Vifaa na kazi yenyewe

12. Sipati kapasita ya 250 pF. Nifanyeje, na hizi namba zilizoandikwa maana yake nini?

Chukua 220 au 270, sikio halitajua. Namba zinasomwa hivi: 271 ni 270 pF, 223 ni 0.022 µF, 473 ni 0.047, 104 ni 0.1. Zile kubwa za filamu unaweza kuzipata kwenye bodi za TV za chogo, nyingi ni za 400 V na 630 V, zipime kwanza. Usiweke ya 50 V hata kwa majaribio, kwa sababu upande mmoja wa kapasita hizi umekaa kwenye anodi yenye volti 170 mpaka 270 za DC.

13. Poti ya A au ya B?

Fender wanatumia A kwa besi na trebo. Marshall wanatumia A kwa besi, B kwa trebo na midi. Poti ya besi ya 1M ukiiweka B, mabadiliko yote yanatokea kati ya 0 na 2 na baada ya hapo unazungusha bure.

14. Naweza kubadilisha vipande huku amp inawaka ili nisikie tofauti haraka?

Hapana, hapana kabisa. Rezista ya slopu imefungwa kwenye anodi, ukiishika umeshika volti mia mbili na zaidi. Zima, chomoa ukutani, na bado usishike, kwa sababu kapasita kubwa za pawa zinabaki na volti 400 hata baada ya kuchomoa. Chukua rezista ya 10k ya wati 5 yenye waya wa klipu, upande mmoja kwenye bodi ya chuma, mwingine gusa kwenye plasi ya kapasita, hesabu mpaka kumi, alafu pima na mita. Ikisoma chini ya volti chache ndo ufanye kazi. Rudia hivyohivyo kila unapobadilisha kipande, hata kama ni mara ishirini.

Na amp iliyotoka Marekani ni ya volti 120, huku kwetu ukutani ni 230 au 240. Transfoma ya kushusha kwanza, toni baadaye.

## Matatizo

15. Poti ya trebo inakwaruza hata baada ya kuisafisha.

Siyo uchafu, ni DC inavuja. Weka mita kwenye DC, upande mmoja kwenye chasi, mwingine kwenye mguu wa poti ya trebo, amp ikiwa inawaka, mkono mmoja mfukoni. Inatakiwa karibu sifuri. Nilishapima moja ikasoma volti 4 na kidogo, mtu alikuwa ameshabadilisha poti mara mbili. Nilifungua mguu mmoja wa ile kapasita ndogo ya trebo, volti ikaenda sifuri, nikaweka ya maika ya 500 V na ule mkwaruzo ukaisha palepale. Kama siyo hiyo, basi ni ya besi au ya midi, zifungue moja moja kwa utaratibu wa swali la 14.

16. Amp yangu ina besi na trebo tu. Naweza kuongeza midi?

Ndiyo, na ni moja ya mabadiliko bora kabisa. Tafuta ile rezista ya 6.8k inayoenda ethi, itoe, weka poti ya 25k iliyofungwa kama rezista inayobadilika. Ukiwa karibu na robo ya njia una sauti ya zamani, ukipanda unapata kitu ambacho amp haikuwahi kuwa nacho. Kama hutaki kutoboa paneli, weka rezista ya 15k na ukae nayo wiki moja.

17. Nikishusha besi, midi na trebo zote 0, sauti inakatika kabisa. Nimeharibu?

Hujaharibu. Kwenye saketi hii njia zote zikiwa 0 mguu wa kati umeshuka mpaka ethi. Lakini kama inakatika na trebo iko 5, kagua waya wa ethi wa poti na lehemu ya kapasita ya midi.

18. Naweza kuiondoa toni isiwepo kabisa kwa swichi?

Ndiyo, weka swichi inayokata ethi chini ya poti ya midi. Ikikatwa, saketi inaacha kumwaga sinyali ethi, midi yote inarudi na sauti inaruka juu sana, kwa hiyo shusha volumu kabla hujabonyeza. Weka rezista ya 1M sambamba na hiyo swichi, la sivyo kila ukibonyeza utasikia mlipuko kwenye spika.